Fundo Lililoelekea Kushoto

Mtu alikuwa anafunua chungu changu nikiwa kazini. Hilo nililijua kabla ya kujua jingine lolote, na wala sikuambiwa na mtu. Niliambiwa na nyama.

Mimi nina bucha. Aliniachia marehemu baba, na marehemu baba alikuwa haamini kiumbe. Mteja akimwambia habari za asubuhi, yeye alitazama kwanza mikono ya mteja iko wapi. Nimerithi duka na macho pia nimerithi. Mke wangu husema siku nikifa nitamkagua malaika kwanza kabla sijakubali kuondoka naye. Acha aseme. Katika kazi yangu, ukimwamini kila anayekuja na ng'ombe utauza viatu badala ya nyama.

Chungu chenyewe kilikuwa wazo la mke wangu. Ni chungu cha umeme, kizito, chenye kifuniko cha kioo. Unatia nyama asubuhi, unageuza kitufe, unakwenda zako, nayo inaiva pole pole mpaka jioni. Tulikiita Kobe. Mwanzoni nilicheka sana, maana sikuona nyama gani ipikwe na kitu kisichojua hata kutokota. Lakini mke wangu alikuwa amebadilishiwa zamu kule kwa dobi anakofanya kazi ya kupiga pasi. Alitoka mchana na kurudi jioni. Mama yangu naye, aliyekuwa akikaa nasi tangu kiharusi kimpige upande mmoja, hakuweza kusimama jikoni.

"Sasa nani akae anachungulia sufuria kutwa nzima, baba watoto?" mke wangu aliniuliza. "Wewe?"

Nikakubali. Na kusema kweli, Kobe alinitia adabu. Bega la ng'ombe ambalo zamani lilitutoa jasho mezani lilitoka humo likikatika kwa kijiko.

Basi ikawa desturi yetu. Kila wiki nilileta bega moja zuri. Nalitoa mfupa mwenyewe, naliviringisha, nalifunga kwa uzi mweupe wa pamba, mzunguko baada ya mzunguko, lisije likafumuka na kusambaratika kwenye mchuzi. Asubuhi kabla ya kufungua duka nalilaza ndani ya Kobe juu ya vitunguu na karoti, natia chumvi na pilipili manga, namimina maji kidogo, nafunika. Kobe ana sharti moja tu, usimfunue. Ukimfunua joto lote linatoka, na kulirudisha si kazi ya mara moja.

Dalili ya kwanza ilikuwa hiyo. Jioni nikifika, nyama ilikuwa nyuma. Ilikuwa imeiva, sikatai, ila haikufika pale nilipoijua mimi.

"Leo Kobe kalala njiani," nikamwambia mke wangu.

"Ndiyo maana anaitwa Kobe," akanijibu, huku akipanga sahani, bila kunitazama.

Bila kunitazama. Hilo nililiweka akiba.

Dalili ya pili ilinikera zaidi. Nilipokata bega vipande, katikati palikuwa na uwazi, kama mtu aliyepitisha vidole na kunyofoa kiini, ile sehemu laini kuliko zote ambapo mfupa ulikuwa. Nje nyama ilikuwa imetulia, uzi umebana vizuri, ncha zote mbili nzima. Mke wangu akasema nyama husinyaa ikipikwa. Anamwambia nani? Nyama husinyaa pembeni. Sijapata kuona nyama inayosinyaa tumboni huku ngozi imekaza.

Na kulikuwa na mama. Kila jioni nilikaa karibu na kiti chake cha magurudumu na bakuli na kijiko, nikamlainishia nyama kwa mchuzi, nikampelekea mdomoni. Naye kila jioni alitikisa kichwa.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umekula nini mama?"

"Nimeshiba tu."

Mtu mzima hali chakula cha jioni, lakini mashavu yanajaa! Nilimtazama mama, nikamtazama mke wangu, nikaitazama nyama yenye shimo. Katika nyumba ile wote walikuwa wanajua kitu isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naleta bega.

Nitasema kilichonijia kichwani, hata kama si kizuri. Niliona kuna mwanamume. Zamu iliyobadilika ghafla, chungu kinachopika bila mtu, nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kuinuka kwenda kutazama nani kaingia. Mke wangu ni mwanamke mzuri bado, mcheshi, na mimi nimekuwa mtu wa kunung'unika tangu watoto wahame. Niliogopa. Nilikuwa naogopa kwamba nampoteza, na kwamba huyo anayenipora anakaa mezani kwangu na kula kiini cha nyama yangu kabla sijarudi.

Kisha nikaona fundo.

Ilikuwa jioni, mkasi mkononi, nataka kukata uzi. Mimi nikimaliza kufunga, mkia wa uzi unaelekea kulia. Umeelekea kulia tangu nilipofundishwa. Jioni ile ulikuwa umeelekea kushoto. Fundo lilikuwa lile lile la marehemu baba, limezungushwa mara mbili na kukazwa chini ya mzunguko, fundo ambalo hulikuti kwa muuza nyama mwingine mjini. Ila lilikuwa limegeuzwa, kama unalitazama kwenye kioo.

Kwanza nilijituliza. Nikasema labda nyama si yangu, labda mke wangu anauza bega langu na kuniwekea jingine. Wiki iliyofuata nikachomeka karafuu moja ndani kabisa, chini ya tabaka la mafuta, pahali ninapopajua peke yangu. Jioni nikakata. Karafuu ilikuwepo. Kiini hakikuwepo. Na mkia wa uzi ulikuwa umeelekea kushoto.

Nikautupa mkasi mezani. Maana katika dunia hii waliofundishwa fundo lile ni watu wawili tu, na mmoja wao anatumia mkono wa kushoto.

Shoto ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja. Tulijifunza kufunga nyama kwenye meza moja, tukiwa wafupi kiasi cha kusimama juu ya kreti. Mmoja alivuta uzi, mwingine aliweka kidole pale nyuzi zinapokutana zisilegee. "Kidole!" baba alikuwa anapaza sauti, na ole wako uchelewe. Baba alipofariki, Shoto akaenda kuajiriwa kwenye ghala la nyama ya barafu, wanakokata kwa msumeno wa umeme na kufunga kwenye nailoni. Aliaga dukani, mbele ya wateja, akasema bucha yetu imepitwa na wakati. Nami nikamwambia mbele ya wateja hao hao kwamba asikanyage tena mlango wangu, wa dukani wala wa nyumbani. Nilimaanisha kila neno. Tangu siku ile tukikutana barabarani, mmoja wetu anavuka.

Na sasa alikuwa ndani ya nyumba yangu. Na mke wangu alikuwa anajua.

Sikumwuliza. Mtu kama mimi haulizi, anachunguza. Asubuhi nikapita kwa jirani wa mlango wa pili, nesi mstaafu, ambaye mke wangu alinifanya niamini kwamba ndiye anayemtazama mama mchana. Sikuwa na uhakika kama aliwahi kusema hivyo. Zamu ilipobadilika nilimwuliza mke wangu nani anabaki na mama, akanijibu tu, "Usijali, ana mtu."

"Shikamoo mama. Nimekuja kushukuru," nikamwambia jirani. "Kwa kumwangalia mama mchana."

"Mimi?" Akakodoa macho. Kisha akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ah! Ndiyo, ndiyo. Mama yuko salama, wewe nenda kazini baba. Usiwe na wasiwasi."

Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, hapo ndipo ninapoanza. Hata huyu mama mtu mzima, wa kuheshimika, alikuwa kwenye njama.

Basi nami nikatega. Wiki ile sikuleta bega. Nilileta kipande cha muundi wa ng'ombe dume mzee, nyama ya mguuni ya kuchosha mbwa, nikakiviringisha na kukifunga kwa unadhifu wangu wote kionekane bega. Nilipokiweka ndani ya Kobe, sikugeuza kitufe mpaka juu kama siku zote. Nilikiacha chini kabisa, pale pa kutunza chakula kisipoe. Nikafunika. Mke wangu alikuwa chumbani akimchana mama nywele. Nikatabasamu peke yangu jikoni. Nilitaka nione huyo bwana leo atakula nini.

Mchana, baada ya wateja kupungua, nikaanza kuteremsha mlango wa duka.

"Mapema hivi?" akauliza mshona viatu wa jirani, sindano ikining'inia mdomoni. Kisha akatazama mkono wangu. "Na hicho kisu unakipeleka wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika kisu cha kutolea mifupa. Sikumbuki nikikichukua.

"Kukinoa," nikasema.

"Kinoe kesho, mzee," akasema pole pole. "Uso wako leo siupendi."

Nikakiviringisha kisu ndani ya aproni na kwenda. Njiani nilikuwa nasema na nafsi yangu kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyebeba kapu akanipisha. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mke wangu, nikafika kwenye neno la kumfukuza, nikashindwa hata kulitamka mwenyewe. Niliendelea kutembea.

Sikupita mbele. Nikazunguka uani, nikapita kamba ya nguo, nikasimama nje ya mlango wa jikoni uliokuwa umeegeshwa. Harufu ya vitunguu ilikuwa hafifu sana. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, ya chini, ikisema jambo nisilolishika. Halafu mwanamke akacheka.

Alicheka kicheko cha tumboni, cha mtu aliyestarehe. Nikafungua aproni, nikatoa kisu, nikausukuma mlango kwa bega.

Mke wangu hakuwepo. Aliyecheka alikuwa mama.

Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue, ndiyo maana sikumtambua. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mpaka mezani, kitambaa kimefungwa shingoni, bakuli tupu mbele yake. Upande wa pili alisimama Shoto, shati la ghala bado mwilini, mvi zimemwingia kichwani bila kunitaarifu. Mbele yake kulikuwa na ule muundi wangu kwenye ubao, umefunguliwa, na alikuwa katikati ya kuufunga upya. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika uzi. Vidole vyake vilikuwa na makovu mekundu ya moto, mapya na ya zamani, ya mtu anayefungua na kufunga nyama ya moto mara kwa mara.

Alinitazama usoni, kisha akatazama kisu. Hakuachia uzi.

"Kaka," akasema.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango. Shemeji alinipa ufunguo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu mimi," akasema mama. Maneno yake siku hizi hutoka moja moja, yakiburuta mguu kama yeye mwenyewe, lakini hutoka. "Nilimwomba mkeo. Alikataa. Nikamlilia. Akaenda kuomba abadilishiwe zamu, ili mchana awe hayupo, ukimwuliza asilazimike kukudanganya. Usimguse kwa hilo."

"Miezi yote hii, mama? Mnanizunguka ndani ya nyumba yangu?"

"Ningekwambia, ungesikia?"

Nikapandisha sauti. "Na mimi kila jioni nakaa pale na kijiko! Kila jioni nimeshiba, nimeshiba!"

"Sikukudanganya hata siku moja," akasema mama. "Nilikuwa nimeshiba. Huyu hutoka kazini mapema, huja ananilisha. Ananitolea kile cha ndani, kwa sababu cha nje kinanikaba. Ncha hagusi, anajua kaka yake atakagua ncha. Duka ulichukua wewe. Ghala akachukua yeye. Na mimi mkanikata katikati kama bega. Mchana wa huyu, jioni yako. Mama yenu ana tumbo moja, mlitaka nifanyeje?"

Shoto alikuwa ameinamisha kichwa. "Leo hajala," akasema, akiitazama nyama badala yangu. "Sijui umeme ulikatika. Imekuwa ngumu mpaka ndani. Nimejaribu kumchambulia imekataa, kidogo imkwame. Nilikuwa nairudisha chunguni, tungoje. Nikawa namchekesha ili asahau."

"Sijasahau," mama akasema. "Nina njaa."

Alisema hivyo bila kunilaumu, maana hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na kile kitufe. Nilikuwa nimekaa asubuhi nzima dukani nikifurahia mtego wangu, nikimwona mwizi akitafuna na kushindwa, na aliyekuwa akitafuna na kushindwa alikuwa mama yangu, mwenye nusu ya mdomo. Niliona aibu.

Nyama ngumu haitulii kwenye uzi. Inataka kurudi ilivyokuwa. Ule muundi ulianza kufumuka mikononi mwa Shoto. Mama akaunyoosha mkono wake mzima, akajaribu kubana pale nyuzi zinapokutana. Kidole kikateleza kwenye mafuta. Akajaribu tena. Kikateleza tena.

"Kidole!" Shoto akasema.

Hakumwambia mtu. Lilimtoka tu, kwa sauti ile ile ya marehemu baba, na alipolisikia mwenyewe akashtuka.

Nikaweka kisu mezani. Nikamwondoa mama mkono taratibu, nikauweka juu ya paja lake, kisha nikaweka kidole changu.

Nyama ilikuwa ya moto. Shoto alinitazama kidogo, akavuta kwa mkono wa kushoto. Uzi ukanibana mpaka ukucha ukawa mweupe. Nikachomoa kidole wakati ule ule tuliofundishwa kuchomoa, si kabla wala baada, na fundo likakaa.

"Si umeme," nikamwambia. "Ni mimi niliyeacha kitufe chini. Na hilo si bega, ni muundi wa dume mzee."

Alinikodolea macho. "Kwa nini?"

"Nilikuwa namtegea mwizi."

Kisha mama akaanza kucheka tena, kile kicheko cha tumboni, bega lake moja likipanda na kushuka, mpaka machozi yakamtoka. Shoto akauma midomo akashindwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia, nikajifanya natafuta chumvi.

Nilikwenda mwenyewe dukani, nikaleta kipande laini, nikakichemsha harakaharaka kwenye sufuria ya kawaida, nikampa mama mchuzi wake kwanza avumilie. Muundi tukauacha kwa Kobe, kitufe juu kabisa. Shoto akataka kuaga. Nikamwambia akae, aache kunisumbua. Akakaa.

Mke wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni na begi lake begani, akamwona shemeji yake anamenya viazi, akaniona mimi napanga sahani. Rangi ikamtoka. Nikampokea begi.

"Ungeniuliza," akasema polepole.

"Najua."

"Ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani. Nadhani alikisoma usoni, maana alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kunawa mikono. Hilo bado tunalo, mimi na yeye, na ni mimi nitakayelianza.

Tulikula kwa kuchelewa, maana Kobe hakimbizwi. Nilikata uzi, mkia umeelekea kushoto, nikachambua nyama ya ndani nikaitia mchuzi. Nikajaza kijiko, nikampa Shoto ampelekee mama. Akampelekea. Kisha akanirudishia kijiko, nami nikampelekea.

Mama akala, akafungua mdomo tena. Usiku ule hakusema ameshiba.